Spika za kwenye hedresti na sauti "ya kwako binafsi": kabla hujarudisha kiti soma nilikopita mimi

Mkuu uliyeuliza kuhusu kiti cha gemu chenye spika mbili kwenye hedresti (ile sehemu ya kuegemeza kichwa), kwamba apu imekupiga picha masikio yote mawili, ikakwambia sauti imeshapimwa kwa ajili yako, halafu ukiwasha gemu kila kitu kinatokea kisogoni kama kuna mtu kajibanza nyuma yako anakunong'oneza, na sasa unawaza urudishe kiti au uvumilie. Hujapigwa, ila hujaambiwa yote. Mimi nimehangaika na hii kitu karibu mwaka mzima, tena cha kwangu nilikiunga mwenyewe, spika mbili za sentimita 6 ndani ya sponji ya kiti cha ofisini, amplifaya ndogo chini ya kiti, kompyuta ndo inafanya mahesabu, kwa hiyo ninayoandika hapa mengi ni yale niliyokosea kwa mikono yangu.

Niseme mapema kabisa: hiyo picha ya masikio ndo ya mwisho kwa umuhimu. Kinachoamua kama utasikia kitu cha maana au kelele za kisogoni ni kichwa chako kiko wapi mbele ya zile spika, na naongelea sentimita moja, mbili. Picha ya masikio ni rahisi kuiuza kwa sababu unajiona umepimwa kama kwa fundi cherehani. Sasa fundi akikupima anakushonea nguo unayotembea nayo, hii umeshonewa nguo iliyopigiliwa misumari kwenye kiti, ukijisogeza tu imeshakupwaya.

Kwa nini sentimita. Spika za mezani zikiwa mita mbili mbele yako, ukisogea sentimita 2 hakuna kinachobadilika cha kusema. Kwenye hedresti spika iko kama sentimita 10 tu toka sikioni. Geuza shingo kidogo kuangalia simu, upande mmoja ubaki sentimita 8 na mwingine ziwe 14, hapo umbali peke yake umeshaleta tofauti ya karibu desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sikio na sikio. Na muda je, sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde, hizo sentimita 6 ni kama mikrosekunde 175 za kuchelewa, wakati sauti iliyo pembeni kabisa ya kichwa chako inachelewa kufika sikio la pili kama mikrosekunde 650 hivi. Yaani zaidi ya robo ya safari ya kutoka katikati hadi pembeni umeimaliza kwa kuangalia simu tu, na ubongo unashtuka hata kwa mikrosekunde 10. Sasa uwe umeegemea kombo kidogo kama mimi ninavyopenda, mkono mmoja shavuni, uniambie hiyo apu itajuaje.

Halafu kuna ishu ya sauti kuvuka. Ukivaa hedifoni, sikio la kushoto linapata la kushoto tu, basi. Kwenye hedresti spika ya kushoto inasikika na sikio la kulia pia, tribo, yaani sauti za juu, nyembamba, inazuiwa zuiwa na kichwa chenyewe lakini sauti za chini zinakizunguka kichwa kama hakipo. Kwa hiyo programu inafanya ujanja, inatuma upande wa kulia nakala iliyogeuzwa ya ile ya kushoto, imecheleweshwa kidogo na kupunguzwa, ikutane na ile iliyovuka ziuane. Wazo la zamani hili, watafiti Manfred Schroeder na Bishnu Atal walilifanyia kazi kwenye maabara ya Bell Labs kule Marekani miaka ya 1960, na hata spika za kwenye hedresti zenyewe sio jambo la juzi, gari la Pontiac Fiero la 1984 lilikuwa nazo. Kilichokuja sasa hivi ni prosesa za bei rahisi na kamera.

Tatizo ni kwamba kuuana huko kunataka usahihi. Sauti ya hezi 8,000 (yaani mitetemo 8,000 kwa sekunde) urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 4 na kidogo, ukisogea sentimita 2 ni karibu nusu wimbi, ile nakala iliyokuja kufuta unaweza kuikuta inaongezea. Sauti ya hezi 500 wimbi lake ni karibu sentimita 70, hata ukijikuna kichwa haijali. Mimi nilianza kwa tamaa, nikataka nifute kila kitu mpaka juu kabisa, matokeo yake nikikaa kama sanamu ni maajabu, nikipumua tu sauti inabadilika rangi, inatoa mlio wa sss, inazomea, kichwa kinauma baada ya dakika kumi. Nikaja kukata, juu ya hezi 6,000 sifuti kitu, nakiachia kichwa kizuie chenyewe. Na huku chini pia nikakata, kwa sababu chini ya hezi 300 hivi masikio mawili yanapata karibu kitu kile kile, programu ikilazimisha kutofautisha inaomba nguvu nyingi kweli, viamplifaya vyetu hivi vinaanza kukoroma. Nikaweka kikomo cha desibeli 10, zaidi ya hapo isiongeze hata ikilia. Kama apu yako ina sehemu wameandika kitu kama "nguvu ya athari" au "upana", ipunguze nusu leo leo, najua kwenye asilimia mia inasisimua dakika tano za kwanza lakini ndo hiyo hiyo inayokuchosha.

Nicheke kidogo kwa gharama yangu. Wiki ya kwanza kabisa nilipomaliza kuunga niliwaita watu waje wasikilize, sauti imejaa chumba, haijulikani inatoka wapi, mimi nimevimba kifua natoa maelezo ya ubongo na masikio. Tatizo besi ilikuwa haipo kabisa na sauti ya mtu anayeongea ilikuwa haikai katikati, inaelea tu. Siku nyingine nafungua mto nikaona waya wa spika moja nimegeuza, chanya kwenye hasi. Yaani wiki nzima nasifia waya uliogeuzwa! Kwa hiyo wewe pia anza na jaribio la kijinga, weka sauti ya mtu mmoja anaongea, mono (yaani kitu kile kile kwenye spika zote mbili), zima madoido yote. Lazima uisikie imebana sehemu moja katikati, hata kama ni kisogoni. Ikielea au ikienda upande usihangaike na apu, kuna kitu cha waya au cha ukaaji.

Na ukaaji wenyewe watu wanaangalia kushoto kulia wanasahau juu chini. Masikio yangu yalikuwa sentimita 4 juu ya katikati ya spika, zilikuwa zinaipigia shingo. Spika ya sentimita 6 ikipanda juu ya hezi 5,000 na kitu inaanza kumulika kama tochi, ukiwa nje ya mwanga unapata besi ya mbali na tribo iliyokufa, na tribo hiyo ndo yenye habari zote za mbele, nyuma na juu. Nilipoipandisha hedresti nilipata mabadiliko makubwa kuliko miezi miwili yote ya kuchezea filta (yale mahesabu ya kompyuta ya kurekebisha sauti). Nilijisikia mjinga kiasi.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe, kwa nini kisogoni. Kwa sababu ni kweli spika ziko kisogoni! Mikunjo ya sikio lako inabadilisha sauti kulingana na inakotoka, inachimba mashimo kwenye sauti za juu, yaani baadhi zinafifia, sauti ya nyuma inachimbwa tofauti na ya mbele, na ubongo umekariri michimbo ya masikio yako toka utotoni. Spika ya nyuma ikilia, sikio lako lenyewe linaipiga muhuri wa "nyuma". Programu inatakiwa ifute huo muhuri halafu ipige muhuri wa "mbele", na muhuri wa kila mtu ni wake. Hapo ndo picha ya masikio inapotakiwa kusaidia, na inasaidia, ila inakisia muhuri kutokana na umbo, haijapima kilichofika ndani.

Mimi nilipima. Nilichukua vipaza sauti vidogo vya milimita 6, nikavipiga solda kwenye waya mwembamba, nikavichomeka kwenye viziba masikio vya sponji, nikakaa kwenye kiti bila kutikisika huku Room EQ Wizard, programu ya kupima sauti, inapiga ule mlio wa kupanda toka chini mpaka juu, kushoto kisha kulia. Baada ya hapo nikaweka spika moja mbele yangu kwenye meza nikapima tena, tofauti ya vipimo viwili ndo filta, nikaiingiza kwenye Equalizer APO, programu ya kurekebisha sauti ya kompyuta. Vipimo vyangu vya kwanza nilivitupa vyote kwa sababu kila nikirudia vinatofautiana, mpaka nilipobandika kipande cha sponji nyuma ya shingo kinachonionyesha kwa kugusa kwamba hapa ndo penyewe. Baada ya hapo, mara ya kwanza kabisa, mtu aliyekuwa anaongea kisogoni akahamia mbele. Sio mbele mbali, ni kama kwenye paji la uso na juu kidogo, ila kisogoni alitoka.

Na ikanichukua siku kadhaa kuizoea ikatulia zaidi, na hii sio imani tu, mwaka 1998 watafiti wa Nijmegen kule Uholanzi waliwawekea watu vitu vya kubadilisha umbo la masikio, kwanza wakapoteza kabisa uwezo wa kujua sauti iko juu au chini, baada ya wiki kadhaa wakaupata tena. Walipovitoa masikio ya zamani yakawa bado yanafanya kazi. Kwa hiyo filta ambayo haijakukaa sawasawa sana unaweza kuizoea, ili mradi isiwe inabadilika badilika kila ukikaa.

Kuna mchawi mwingine ambaye hata filta nzuri haimuwezi: kugeuza kichwa. Kwenye maisha ya kawaida kitu kikiwa mbele ukageuka kushoto, sikio la kulia ndo linakikaribia. Kikiwa nyuma ukageuka kushoto, kinakaribiwa na la kushoto. Mwanasaikolojia Hans Wallach alishalionyesha hili mwaka 1940, ubongo unalitumia kila sekunde bila wewe kujua. Kwenye hedresti isiyofuatilia kichwa, ukigeuka kidogo tu ubongo unapata ushahidi kwamba kitu kiko nyuma, filta yako nzuri yote kwishnei. Dawa yake ni kamera inayofuatilia kichwa na programu kubadilisha hesabu papo hapo. Mimi nilijaribu kwa kamera ya kawaida ya kompyuta, ilikuwa inachelewa, nikigeuka sauti inanifuata kama mlevi anayekimbiza basi, nikaizima. Kama kiti chako kina kamera au vihisi kwenye hedresti yenyewe hiyo ni bora mara kumi kuliko picha ya masikio, iwashe. Kama hakina, angalau angalia skrini, macho yakiona mdomo unafunguka mbele sauti nayo inavutwa kule. Nimejaribu mara nyingi, nikifumba macho mtu anarudi nyuma, nikifumbua anakuja mbele.

Besi sina mengi, spika ndogo hizo hazina, usizilazimishe. Weka sabufa moja popote ifanye kazi ya chini ya hezi 80, huko masikio hayajui inatoka wapi hata hivyo.

Jambo jingine usishangae, siku mwenzio akikaa kwenye kiti chako atasema ni takataka. Mke wangu alikaa kwenye changu akasema watu wote wanaongea darini. Ni mfupi kuliko mimi na alikuwa amesuka, nywele zimeshuka juu ya masikio, na nywele, kofia ya sweta, hata kola ndefu zinakula tribo kabla haijafika. Ndo maana ya "binafsi", filta yangu kwake ni sumu. Kama mnashea kiti hakikisha apu inahifadhi wasifu zaidi ya mmoja, na kila mtu awe na alama yake ya urefu wa hedresti.

Usiku wa leo fanya hivi: zima madoido, weka ile sauti ya mono, pandisha na kushusha hedresti mpaka tribo ing'ae, sogeza kichwa mpaka mtu akae katikati, tafuta namna ya kukumbuka hapo mahali (mimi nina kile kipande cha sponji). Ukiwa hapo hapo ndo upige upya picha za masikio kama apu inaruhusu, washa madoido nusu, cheza siku tatu bila kugusa setingi. Mtu akitoka kisogoni hata akifika juu ya kichwa tu, kiti ni kizima, endelea nacho. Akibaki kisogoni, na apu haikupi namna ya kubadilisha umbali wala urefu wa kichwa, haina kamera, ina ile picha ya masikio tu na kitufe cha kuwasha na kuzima, basi muda wa kurudisha bado unao, rudisha, hela hiyo itakununulia hedifoni nzuri na chenji ibaki.