Maji tushayachuja, bado tuchemshe?

SWALI: Mbukwenyi jamani. Tumechimba kisima nyumbani huku Chamwino, maji yapo ya kutosha ila yanakuja na tope na chumvi kwa mbali. Fundi katupangia ndoo mbili, ya juu katia kokoto, mchanga na mkaa, ya chini ina koki, na maji yanatoka meupe kabisa. Baba watoto anasema tunywe tu, ya nini kuchemsha tena na gesi ilivyo bei. Halafu mbona chumvi haipungui?
– Mama Wawili

JIBU: Mama, mwambie shemeji asubiri kwanza. Mchanga unashika tope, mkaa unapunguza harufu na rangi, lakini vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo vingi vinapita humo humo, tena mkaa usipobadilishwa muda mrefu vinazaliana hapo hapo. Kwahiyo chujeni, afu muue vijidudu. Kama ni kuchemsha, yakishatokota kweli kweli dakika moja inatosha, sio mpaka sufuria ibaki nusu, hapo ndo gesi inapoishia. Au nunua vidonge vya klorini duka la dawa, fuata kipimo cha kwenye pakiti, subiri nusu saa ndo mnywe, ila weka kwenye maji yaliyochujwa maana tope linakula dawa. Na jua letu la Dodoma mnaliacha bure! Jaza maji hayo meupe kwenye chupa za plastiki zinazoangaza, zisizidi lita 2, zilaze juu ya bati toka saa 3 asubuhi mpaka saa 9 mchana, kukiwa na mawingu ziache siku 2.

Sasa chumvi. Ile imeshayeyuka, mchanga hauikamati, na kuchemsha ndo kunaizidisha kwasababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Ila mimi chumvi hainitishi kama floridi, ambayo huku kwetu kanda ya kati, Singida hasa, ipo kwenye visima vingi, haina ladha wala rangi, unakuja kuiona kwenye meno ya watoto yakishaota madoa ya kahawia. Ulizia ofisi ya wilaya ya RUWASA, wale wakala wa maji vijijini, au maabara ya maji pale mjini wakupimie. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, hicho kisima kiwe cha kufulia na kuoshea vyombo, ya kunywa mkinge ya mvua.

Na hujasema choo kiko wapi. Kama hakifiki mita 30 toka kisimani, maji hayo yasinywewe bila dawa au kuchemshwa hata siku moja.