Masika yametufungia ndani, Popi anatafuna kochi

SWALI

Shikamoo daktari. Tunaishi ghorofa ya tatu hapa Upanga, Dar es Salaam. Tuna mbwa wa kienyeji, dume wa mwaka mmoja na nusu, anaitwa Popi. Siku za jua mimi na mwanangu wa miaka minane humtembeza asubuhi na jioni. Tangu masika yaanze, uwanja wa chini umejaa maji na siku nyingine hatoki zaidi ya dakika kumi. Ameshatafuna mguu wa kochi na kandambili tatu, anakwangua mlango, analamba nyayo za mbele hadi zinalowa. Nilimnunulia mpira, akauchezea siku mbili akauacha. Juzi mwanangu alimkumbatia ili amtulize, Popi akanguruma. Jirani anasema nimpe mtu mwenye uwanja. Sitaki kumtoa. Nifanye nini?
Mama wa Popi, Upanga

JIBU

Marahaba, mama. Usimtoe. Mbwa anaweza kuishi ghorofani vizuri kabisa, ila nyumba zetu zina upungufu ambao sisi wenye viatu hatuuoni: kila anapokanyaga ni palepale. Mfikirie Popi akishuka siku ya jua. Anakanyaga lami yenye moto, mchanga, nyasi, changarawe, mizizi ya mwembe, kifuniko cha chemba. Zile nyayo zake nyeusi zimejaa mishipa ya fahamu, na kila hatua inamletea habari. Mvua ikija anabakiwa na vigae tu, asubuhi mpaka usiku. Ndipo anapoliendea kochi. Kochi lina mbao, sponji, kitambaa na uzi. Humo ndani hakuna kitu kingine chenye mambo mengi kama hicho. Mpira ukishaujua umeujua.

Hili nilifundishwa na mbwa wangu mwenyewe, Chui, nilipopanga vyumba viwili Kinondoni. Nilimtandikia godoro dogo la dukani, akalikwepa. Siku moja niliacha gunia tupu la katani mlangoni mwa jikoni, nikarudi nikamkuta amelikwangua, amelizungusha, amelilalia. Kesho yake nikaongeza mkeka wa ukindu, taulo kuukuu lililolowekwa na kukamuliwa, na boksi kubwa lililofunguliwa likalazwa chini. Nilivitandaza kwa nafasi kutoka chumbani hadi kwenye bakuli lake la maji. Jioni ile alipita njia hiyo mara nyingi kuliko kiu ilivyomtuma, akisimama, akinusa, akikwangua. Turubai la plastiki alilikataa kwa sababu ya kelele zake. Nililikunja likawa dogo, nikaliacha ukutani, na siku ya nne akaweka mguu mmoja mwenyewe. Popi naye akikataa kitu, usimvute kwa kamba. Kila siku mbili tatu badilisha mpangilio.

Kisha mpe pa kuchimba. Chukua karai la kufulia, ulijaze vitambaa: kanga zilizochakaa, fulana, taulo, vingine vikunjwe, vingine vifungwe fundo legelege. Katikati ficha vipande vya maini vilivyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Pima kwenye mlo wake wa siku, usimwongezee juu yake. Atachimba kwa miguu, kisha atatumbukiza uso mzima. Hapo ndipo sharubu zinafanya kazi. Mizizi yake imeingia ndani ya ngozi kuliko ya manyoya mengine na imezungukwa na mishipa ya fahamu, hivyo hata pasipo mwanga anajua kilicho mbele ya mashavu yake. Tafadhali usimruhusu mtu yeyote azikate eti kumpendezesha. Na ile ncha ya pua, iliyo baridi, ina uwezo wake pia: mwaka 2020 watafiti wa Uswidi na Hungaria walionyesha kwamba inahisi hata joto hafifu linalotoka kwenye kitu. Mimi maini nayaficha yakiwa vuguvugu. Robo saa ya karai ilikuwa inamlaza Chui usingizi mzito. Lakini kaa naye muda wote, na gunia likianza kufumuka litupe. Nyuzi au soksi ikimezwa huweza kuziba utumbo, na hiyo inamaanisha upasuaji.

Sasa mikono, na hapa nakuomba unisikilize sana kwa ajili ya mtoto. Mbwa wengi hawapendi kukumbatiwa. Kwetu ni upendo. Kwa mbwa ni kubanwa asiweze kuondoka. Popi aliponguruma alikuwa anasema aachwe, na alisema vizuri. Usimpige kwa hilo, kwani mbwa aliyefundishwa kunyamaza ndiye anayeng'ata bila taarifa. Mfundishe mwanao hivi: akae chini, amsubiri Popi aje mwenyewe, amsugue kifuani au begani kwa sekunde tatu, halafu atoe mkono. Popi akisogea au akiusukuma mkono kwa pua, aendelee. Akigeuza uso, akilamba midomo, akipiga miayo au akionyesha weupe wa macho, basi. Asianzie utosini, na asimguse akiwa amelala au anakula. Wewe uwepo kila mara.

Jioni, mvua ikinyesha, mchane taratibu kwa brashi laini, ukianzia shingoni kwenda mgongoni, huku vidole vikitafuta kupe. Angalia ndani ya masikio na katikati ya vidole. Kupe wa mbwa huzaliana hata ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta na nyuma ya makabati. Ukimwona, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Mafuta ya taa usimpake.

Gunia na taulo vikilowa, vianike juani vikauke kabisa, usiviache chini penye unyevu. Huku pwani kuna nzi anayetaga kwenye vitambaa na mchanga wenye unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mbwa na ya mtu. Hivyo vitambaa vya karai mimi navipiga pasi pande zote mbili.

Limebaki la kulamba nyayo. Leo hii mlaze ubavu, umfungue vidole kimoja kimoja chini ya taa. Kama katikati pamekuwa pekundu, pana harufu, au manyoya yamegeuka rangi ya kutu, hiyo inaweza kuwa fangasi, mzio au kupe, na hakuna karai litakaloitibu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, na uchukue kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Pakiwa safi, anza na gunia kesho asubuhi, uniandikie Popi amelichagulia wapi.