Kabla hujaandika ukubwa wa sayari, muulizie nyota yake

Wewe unayeanza kukusanya vipimo vya sayari za mbali zinazopita mbele ya nyota zao, anza na nyota. Sayari yenyewe hatuioni. Tunaona mwanga wa nyota ukipungua kwa saa kadhaa, kisha ukirudi. HD 209458 b, ya kwanza kushuhudiwa ikipita hivyo mwaka 1999, hupunguza mwanga kwa takriban asilimia 1.5. Kipeuo cha pili cha upungufu huo kinakupa uwiano tu: nusukipenyo cha sayari ni kama 0.12 ya kile cha nyota. Ukitaka kilomita, lazima uijue nyota.

Nyota ikikadiriwa kubwa kupita kiasi kwa asilimia 10, sayari nayo inavimba vivyo hivyo, na msongamano wake, uzito ukibaki uleule, unashuka kwa robo. Vipimo vya Gaia, chombo cha angani kilichopima umbali wa nyota, vilivyotolewa 2018 vilirekebisha ukubwa wa nyota nyingi zilizochunguzwa na darubini ya angani ya Kepler, na sayari zake zikabadilika pamoja nazo bila mtu kuzitazama upya.

Kwa hiyo usichukue uzito kwenye makala moja, nusukipenyo kwenye nyingine, ukavipanga mstari mmoja. Kila namba inaweza kuwa sahihi, lakini mstari mzima ukaeleza sayari isiyokuwepo. Hifadhi ya data ya NASA ina jedwali lililochanganya vyanzo ili nafasi tupu zipungue, na wenyewe wanaonya kwamba vipimo vyake huenda visiafikiane. Linafaa kwa kuchora grafu ya sayari nyingi. Kwa kuichunguza sayari moja, mimi silitumii. Bora uchambuzi mmoja kamili, hata kama kiwango chake cha mashaka ni kikubwa.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni nguvu ya mvutano kwenye uso wa sayari. Hupatikana kwa kuunganisha mchoro wa mwanga unavyopungua na kurudi, na kuyumba kwa nyota inapovutwa na sayari, bila kujua uzito wa nyota. Kikokotoe mwenyewe, ukilinganishe na uzito na nusukipenyo ulivyonakili.

Angalia pia vizio: ukubwa wa sayari mara nyingi huandikwa kwa kulinganishwa na Mshtarii, na nusukipenyo chake ni kilomita 71,492 kwenye ikweta na 69,911 kwa wastani, tofauti ya asilimia 2. Saa nazo: kati ya UTC, saa ya kawaida ya dunia, na TDB, saa ya wanaastronomia inayohesabiwa kwa kitovu cha mfumo wa jua, kuna zaidi ya dakika moja.

Mwisho, tafuta kama nyota ina jirani. Mwanga wa jirani hufunika sehemu ya upungufu, sayari ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Jirani akigunduliwa baada ya makala kuchapishwa, namba za makala hiyo zisahihishwe kabla hazijaingia kwenye jedwali.