Usaili wa kazi mezani: niagize nini, na bili ni ya nani?

Swali: Habari za kazi. Niko Mwanga, Kigoma. Nimeomba kazi ya uhasibu kwenye mradi, na wamenipigia simu kwamba usaili wa pili utakuwa chakula cha mchana, saa saba, hotelini ufukweni mwa ziwa. Wao watakuwa watatu. Niagize nini? Ugali nile kwa mkono au kwa uma? Na bili nani analipa?

Jibu: Hongera kwa kufika hatua ya pili. Wanaokuita mezani kwa kawaida vyeti vyako wameshaviona. Sasa wanapima utakavyokaa na wageni na wafanyakazi wenzako. Kwa hiyo agiza chakula kitakachokuachia mdomo na mikono ya kuzungumza.

Mgebuka, yule samaki wa ziwani, akiwa mzima muache siku hiyo, hata kama ndiyo mboga unayoipenda kuliko zote. Miiba inataka vidole na macho, na swali la jinsi ulivyofunga hesabu za mwaka halisubiri uutoe mwiba ulimini. Mawese nayo ni hatari: tone moja kwenye shati jeupe huacha doa la rangi ya chungwa, na ukilisugua kwa maji palepale linatanda. Paja la kuku lina shida ileile ya mifupa. Chagua minofu ya samaki au nyama ya vipande, kwa wali. Kinywaji kiwe maji. Soda ya gesi huleta kubeua, na pombe usiguse hata wao wakinywa. Kwenye bei, sikiliza mwenyeji anaagiza nini, kisha usizidi hapo. Kula kidogo nyumbani kabla ya kutoka, maana ukifika na njaa utakula haraka.

Kula kwa mkono si kosa hata kidogo. Wote watatu wakinawa na kula ugali kwa mkono, nawa nao, tumia wa kulia, matonge madogo. Ila fahamu kwamba katikati ya chakula wanaweza kukupa karatasi ya majukumu ya kazi uisome, na mkono wenye mchuzi hauipokei. Ndiyo maana tunashauri wali na uma.

Uma mkono wa kushoto, kisu wa kulia. Kata kipande kimoja, ukile, ndipo ukate kingine. Kwa wali unaweza kukilaza kisu ukingoni mwa sahani, juu yake, na kuhamishia uma kulia. Kisu kilichotumika kisirudi juu ya kitambaa cha meza. Ukipumzika, uma na kisu vikae mbalimbali juu ya sahani. Ukimaliza, vilaze sambamba, mhudumu ataelewa. Glasi yako ni ya kulia kwako, kisahani cha mkate ni cha kushoto.

Ukiulizwa ukiwa unatafuna, itikia kwa kichwa, meza, futa mdomo, jibu. Sekunde tano hazimkeri mtu. Kinachokera ni kujibu chakula kikionekana. Unapozungumza, uma uwe chini, usiwe wa kunyooshea watu.

Mhudumu mwite "dada, samahani" au "kaka, naomba". Akikosea oda, mweleze kwa upole au kula kilicholetwa. Wasaili wanaliangalia hilo kwa makini kuliko unavyodhani. Kama umefunga, au kuna chakula usichokula, waambie kwa simu siku moja kabla, sentensi moja inatosha.

Bili ni ya waliokualika. Usinyoshe mkono kuichukua, shukuru tu, wala usiombe kufungiwa kilichobaki.

Kiangazi hiki pikipiki itakufikisha na vumbi jekundu mpaka kwenye kola. Panda bajaji, fika dakika 15 mapema, futa viatu, nawa, zima simu. Jioni hiyohiyo watumie ujumbe mfupi wa shukrani, ukitaja jambo moja mlilozungumza kuhusu kazi, chakula usikitaje zaidi ya neno asante.