Wadogo zangu wa joging, zoni ya pili mnaipita tu

Kila Jumamosi alfajiri kwenye Daraja la Tanzanite nawakuta mmeinama, mikono magotini, saa ya kupima mapigo inalia, na ratiba ya siku ilisema zoni ya pili, yaani mbio nyepesi ambazo moyo haukimbizwi sana. Nawapenda, ila leo tuongee.

1. 220 toa umri, ile hesabu ya mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, ni makadirio tu. Wawili wa umri mmoja hupishana mapigo 10 na zaidi, na wote ni wazima. Wa miaka 40 anapata 180, saa inachukua asilimia 60 hadi 70 yake, inampa zoni ya pili ya 108 hadi 126, anajikuta anatembea. Jaribu hesabu ya Karvonen: pima mapigo asubuhi kabla hujatoka kitandani. Yakiwa 60, toa kwenye 180, inabaki 120. Chukua asilimia 60 hadi 70 yake, rudishia ile 60. Zoni ya pili sasa ni 132 hadi 144, na hapo mtu anakimbia.

2. Kazeni saa. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ya dada mmoja wa kundi letu. Alikuwa anakimbia taratibu, anapiga stori bila kuhema, saa inamwonyesha 170 na ushee. Hakumwambia mtu. Akaanza kutoka peke yake gizani, kisha akaacha kabisa. Usiku anashtuka na kushika kifua. Akachukua hela ya ada ya mtoto, akaenda kupima moyo. Mzima. Hakuamini. Siku aliyotusimulia alilia, maana alishajiona mgonjwa na watoto bado wadogo. Tukamwomba akimbie kidogo, tukamsimamisha ghafla, nikaweka vidole viwili chini ya kidole gumba chake: sekunde 15, mapigo 33. Yaani 132. Saa bado imeng'ang'ania 172. Kamba ilikuwa imelegea kama bangili, ile taa ya kijani ya kusoma mapigo inamulika hewani, na saa ilikuwa inahesabu miguu yake. Hatua 170 kwa dakika ni kawaida ya mkimbiaji!

Kamba ikae vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, isicheze. Mwenye uwezo anunue mkanda wa kifuani wa kupimia mapigo. Na kwenda kupima hakukosea: kifua kikiuma au ukisikia kizunguzungu, acha mbio, nenda hospitali.

3. Joto la Dar hupandisha mapigo hata kasi isipobadilika. Punguza mwendo.

4. Mnaotumia dawa za presha za kundi la beta-bloka, zinazoshusha mapigo ya moyo, zoni za saa haziwahusu. Mwulizeni daktari.

5. Ukishindwa kumaliza sentensi nzima, umeshatoka zoni ya pili. Kule Iten, mji wa wakimbiaji Kenya, mita 2,400 hivi juu ya bahari, mabingwa huanza mbio nyepesi polepole mno, hata mgeni anaweza kwenda nao mwanzoni. Nyie mkipitwa na mzee wa kaptula darajani mnafyatuka kumfukuza. Mwacheni mzee apite.