Ndege, fimbo na nyoka: gemu ya maandishi ni nzuri ikijua kukataa

Mkuu, umeuliza gemu isiyo na picha, maandishi matupu, ina nini cha kuwafanya watu wakae kuijadili. Nakujibu kwa yaliyonikuta hapa Tukuyu.

Ilikuwa mwezi wa nne, ile mvua yetu isiyokatika, umeme hakuna. Kwenye simu nilikuwa na Adventure, faili dogo tu, haili bando. Ndiyo mama wa gemu za aina hii: Will Crowther, Mmarekani aliyependa kuingia mapangoni, aliiandika katikati ya miaka ya 1970 akifuata pango halisi la Mammoth Cave kule Kentucky, na mwaka 1977 Don Woods akaipanua. Unaambiwa ulipo na unachokiona, unaandika unachotaka kufanya, inakujibu. Iko kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi nilisoma kwa sauti kwa Kiswahili, mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili, akawa anatoa amri.

Tukamkuta ndege. Mkononi tuna taa, tundu la kufungia ndege na fimbo nyeusi. "Kaka, mkamate." Gemu ikajibu kwamba ndege hakuwa na hofu tulipoingia, ila tulivyomsogelea amehangaika, hakamatiki. Tukarudia, jibu lilelile. Tukalala nalo. Kesho yake yuko jikoni anachambua mboga, nikasikia, "Kaka! Kuna kitu tumeshika anakiogopa. Hebu iache fimbo." Tukaiweka chini, ndege akaingia tunduni.

Liangalie vizuri lile jibu la kukataa. Gemu mbovu ingesema "haiwezekani" na kunyamaza. Hii ilikunyima ndege lakini ikakuachia sababu, na sababu yenyewe imekaa kwenye maneno uliyokwisha kuyasoma. Mimi gemu mpya naipima hapo kwanza: nafanya kosa makusudi, nione inanijibuje.

Mbele kidogo nyoka amefunga njia. Tulimfungulia ndege, akamtimua nyoka. Hapo mdogo wangu alikasirika kabisa: ndege anayeogopa fimbo atamwezaje nyoka? Mimi nasema ukishahangaika hivyo kumpata, lazima ujiulize wa nini. Yeye anasema huko ni kubahatisha. Tumebishana mpaka bibi akaja kuuliza nani kapotelewa na ndege.

Kitu kingine nilikigundua kwa kule kusoma kwa sauti. Kiswahili kinaifaa mno kazi hii. Akisema "lichukue" najua ni tundu, "mchukue" ni ndege, bila kutaja jina. Kingekuwepo kisu, "kichukue" ingetosha. Panapogongana ni taa na fimbo, zote "ichukue", na hapo nilikuwa namuuliza: ipi, taa au fimbo? Gemu ya Kiswahili ya kuandika amri ingeweza kufanya vivyo hivyo, na natamani sana mtu aijenge.

Mimi nilijaribu kujenga aina nyepesi zaidi, ya kubofya chaguo, kwa Twine, programu ya bure aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009. Ni safari ya kupanda mlima hadi Ziwa Ngozi. Niliweka njia tatu, zote zikaishia sentensi moja kando ya ziwa. Mdogo wangu alicheza mara mbili akanirudishia simu: "Kaka, mbona hainisikilizi?" Nimeiandika upya. Sasa ukimgawia mzee wa njiani ndizi zako, anakuonyesha panapoteleza, lakini juu unafika na njaa na hata ziwa linaelezwa kwa macho ya mwenye njaa. Ukimpita bila salamu, huko juu huambiwi neno juu yake, ila unateleza.

Anza na Adventure, mkuu, ukae na mtu pembeni. Ukifika kwa nyoka njoo utuambie kama uliiona dalili yoyote kabla ya kumfungulia ndege, maana kwetu hilo bado halijaisha.