Kill Team: Usikimbilie Kuua

Nilipoanza kucheza Kill Team nilikuwa na ugonjwa mmoja: nikiona sanamu ya adui iko karibu, navamia. Naua, nachekelea, halafu zamu inahamia upande wa pili na mpiganaji wangu bora, niliyempaka rangi kwa wiki mbili, anamiminiwa risasi akiwa peupe. Wacheza drafti wanalijua hili: nimelishwa.

Kwa mgeni: huu ni mchezo wa vita wa mezani, unaochezwa kwa sanamu ndogo na dadu, wa Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza. Kila mchezaji ana kikosi kidogo, na mnapokezana sanamu moja moja. Kuvamia ni kutembea mwendo wako wa kawaida ukiongeza inchi 2, ukaishia ndani ya inchi 1 ya adui. Kunakula alama 1 ya vitendo, kupigana kunakula 1 nyingine, na sanamu nyingi zina 2 tu. Tena huwezi kuvamia ukiwa kwenye amri ya kujificha, yaani ukiwa umeipangia sanamu ijifiche badala ya kushambulia. Ukishaua, basi, umebaki hapo hapo, huna alama wala maficho. Kabla sijavamia, siku hizi nahesabu kwanza wapigaji bunduki wa mpinzani ambao bado hawajacheza.

Kwenye mapigano yenyewe, wote wawili mnarusha dadu kwa pamoja. Aliyevamia anatumia dadu yake moja iliyofanikiwa (iliyofikia namba anayohitaji), kisha mwenzake moja, mnapokezana hivyo. Kila dadu ni kupiga au kuzuia. Sita ni pigo kali na inazuia chochote; dadu ya kawaida inazuia ya kawaida tu. Anayekufa, dadu zake zilizobaki zinakufa naye.

Hapo ndipo wengi tunapojimaliza, kwa kupiga tu. Tuseme nimebakiwa na uhai 4, adui ana 7, na silaha zetu zote zinatoa 4 kwa pigo la kawaida. Nimepata dadu mbili za kawaida, yeye moja. Nikianza kwa kupiga, anabaki na 3, ananirudishia, nakufa na dadu yangu ya pili mezani. Nikianza kwa kuzuia, hana kitu tena; ya pili nampiga nayo, anabaki na 3 na mimi sijakwaruzwa. Angekuwa na uhai 4, ningepiga kwanza bila kufikiri. Hesabu ya darasa la pili, lakini joto la mchezo huifuta kichwani!

Na huyo adui aliyebaki na 3 ana faida kuliko maiti. Maadamu yuko ndani ya inchi 1 yangu, wenzake hawaruhusiwi kunipiga risasi. Akitaka kujinasua, kurudi nyuma kunamgharimu alama 2, yaani kwa sanamu nyingi zamu nzima imekwenda. Nimemgeuza ngao. Ila mchague aliyekwisha kucheza zamu yake. La sivyo anakugeukia na kupigana upya, na safari hii ndiye anayeanza.

Nikikutana na jitu gumu, siendi peke yangu. Mwenzangu akiwa ndani ya inchi 1 ya adui huyo, na hajabanwa na adui mwingine, dadu zangu zinaboreka kwa 1: aliyehitaji 4 kwenda juu sasa anahitaji 3. Kwa hiyo namtanguliza mmoja avamie tu bila kupigana, ndipo simba wangu aingie. Katikati mpinzani ana zamu moja, na mara nyingi anaitumia kumchinja huyo mtangulizi, kwa hiyo natanguliza mwenye uhai mwingi, si yule mwembamba.

Juzi mpango ulikwenda barabara, mtangulizi akasimama imara, simba akaingia. Nikarusha dadu nne. Tatu zikatoka moja.